Sura ya Nne: Basi Lililoliwa Sidab

"Basi lipo, boss, mbona hunisi—"

"Lipo wapi? Lionyeshe! Litoe mfukoni tulione!"

"—mbona hunisikilizi? Nimeshasema nilipeleka—"

"Ulipeleka! Basi la viti ishirini, si barua! Umelila, Raymond. Umelila na matairi yake!"

"Mimi nile basi? Na vidonda hivi vya tumbo?"

Kawthar Awadh alisimama mlangoni na faili lake kifuani, akingoja mmoja wao aishiwe pumzi. Hakuna aliyeishiwa. Nyuma yao kiwanda cha barafu cha Sidab kilikuwa kinanguruma kama simba mwenye mafua, na kelele za wawili hawa zilikuwa zinakishinda. Ikabidi agonge meza kwa funguo za gari.

"Salaam aleikum," alisema. "Mimi wa kodi."

Ugomvi ukakatika palepale. Neno hilo lina baraka zake.

Kwa asiyejua mambo ya Maskati: mshahara wa mtu haukatwi kodi, lakini kampuni hulipa kodi ya mapato, na kila mwaka hujaza fomu. Ndani ya fomu mna mstari mmoja wa tabarruat, michango ya hiari. Kampuni ikiandika hapo kitu ilichokitoa kwa jumuiya ya kheri, kodi inapunguzwa. Mstari wenyewe mwembamba, upana wa kidole. Katika miaka kumi na moja ya ukaguzi, Kawthar alikwisha kuona watu wanasokomeza humo mbuzi wa harusi, zulia la sebuleni na, Mungu amsamehe mwenyewe, mahari ya mke wa pili.

Mwaka huu, 2003, Ghassan, meneja wa kiwanda, alikuwa ameandika basi. Jipya, jeupe, lina lifti ya kupandishia viti vya magurudumu, limetolewa kwa Khutwa, jumuiya inayosomesha watoto wasioweza kutembea. Kawthar aliwaandikia Khutwa kuhakikisha. Jibu likarudi kwa mstari mmoja: hatukupokea basi kutoka kampuni hiyo.

"Na mimi nimeshajua limekwenda wapi," Ghassan alisema, huku akimwonyesha Raymond kwa kidole. "Huyu ndiye mhasibu wangu. Yeye alilinunua, yeye alilitoa dukani, yeye alikaa kwenye usukani. Nimeshapiga simu polisi. Saa nane juu ya alama wako hapa."

Kawthar akatazama saa ya ukutani. Saa nne u nusu.

Raymond alikuwa mtu wa Kibosho, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kola inakata. Miaka sita yuko Sidab. Wote watatu walijua maana ya saa nane. Kafili wako, aliyekuleta nchini, akishasema wewe mwizi, unaanza na selo na unamaliza na ndege, na mtoto uliyemwacha kidato cha nne atamaliza shule kwa kudra za Mungu.

"Kaa, Raymond," alisema Kawthar. "Basi ulilipeleka wapi?"

"Bustan, madam. Kwa Mama."

"Unaona!" Ghassan aliruka. "Anamtia mama yangu mzazi!"

"Ghassan, yakhi, ndugu yangu, wewe zamu yako inakuja. Endelea, Raymond."

"Nilikuwa nalipeleka Khutwa, haki ya Mungu. Nikiwa njiani Mama akanipigia, akasema, Raymond, kabla halijafika kwa wenyewe lipitishe kwangu nilione. Nikalipitisha. Akalizunguka mara mbili, akayagonga matairi kwa bakora, akaniambia niachie ufunguo, weye rudi, mengine yangu. Nikarudi kwa teksi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Filomena, dada wa kazi wa pale, hakuwepo. Ilikuwa Ijumaa, na huku Wakristo husali Ijumaa, yuko kanisani."

"Wewe Ghassan, siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Dubai. Maonyesho ya mitambo. Niliporudi nikamuuliza, basi limefika? Akasema limefika."

"Si lilifika!" Raymond alisema. "Lilifika kwa Mama!"

"Na risiti ya Khutwa?" Kawthar aliuliza.

Ghassan akakohoa. "Nilijua itakuja."

"Kwa hiyo mstari wa tabarruat umeujaza kwa neno moja: limefika."

Mashine ya barafu ikamwaga mzigo wake nje, gharagharaghara.

"Mamaako umemuuliza?"

"Leo asubuhi, kwa simu. Amekataa."

"Amesemaje? Nipe maneno yake yaleyale, usinitafsirie."

Ghassan akafikiri. "Nimemuuliza, mama, Raymond alikuletea basi? Akasema, 'Ah, mwanangu, mie na basi wapi na wapi?'"

Kawthar akayaandika, akayapigia mstari.

"Hilo si hapana," alisema.

"Ni nini basi?"

"Ni swali."

Kawthar alilelewa na mashangazi wanne wa Unguja, na elimu hiyo hakuna chuo kinachoitoa. Mwanamke anayemcha Mungu, mwenye jambo asilotaka ulijue, hakudanganyi hata siku moja. Yeye ndiye anayekuuliza wewe. Unaondoka umeshiba, na njiani ndio unagundua kwamba hukupewa hata punje.

"Nataka kumwona," alisema.

"Thubutu! Mama ana presha, humwendei na faili." Ghassan akavaa kofia yake. "Unataka basi? Mimi najua lilipo. Muuza barafu wangu ameliona kwenye hoteli kubwa ya Bustan, linabeba Wazungu. Jeupe, viti ishirini. Huyu kaliuza pale!"

"Barabara," alisema Kawthar. "Twendeni sote."

"Na yeye?"

"Na yeye. Kama mwizi, si bora awe mbele ya macho?"

Wakapanda gari ya Kawthar, Ghassan mbele, Raymond nyuma na ankra ya duka lililouza basi mapajani. Njia nzima, kutoka Sidab hadi milima inapoachia Bustan, waligombania kiyoyozi.

Kwenye maegesho ya hoteli basi lilikuwepo. Jeupe kama jino.

"Lile!" Ghassan alifungua mlango gari haijasimama. "Lile lile! Wallahi lile!"

Dereva wa hoteli alikuwa ndani amelala, miguu juu ya dashibodi. Alipoamshwa na kuonyeshwa kitambulisho cha serikali, alikabidhi funguo, leseni na andazi alilokuwa nalo. Kawthar akamrudishia andazi. Kisha akaikunja abaya yake, akapiga magoti kwenye lami inayochemka, akaingiza kichwa chini ya fremu ya mlango pale wanapopigilia namba ya chesisi.

"Raymond, nisomee ankra. Tarakimu nne za mwisho."

"Mbili, sifuri, tisa, tatu."

"Hii saba, saba, moja, nne."

"Kabadilisha namba!" Ghassan alisema.

"Na lifti je?" Raymond aliuliza. "Nimeimeza na maji?"

Kweli, lifti haikuwepo, wala tundu la boliti zake. Basi la hoteli lilikuwa la hoteli tangu kuzaliwa kwake. Dereva akapewa mkono wa samahani, akarudi kulala. Ghassan akaanza kumtukana muuza barafu, ukoo wake na ngamia wao.

Kawthar hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, mkono juu ya ile namba iliyogongwa chumani, midomo inacheza.

"Madam?" Raymond aliinama. "Jua limekupiga?"

"Nitolee barua yangu failini. Ile niliyowaandikia Khutwa."

Akampa. Kawthar akaisoma, akaanza kucheka peke yake.

"Kosa langu," alisema. "Ya Rabbi, kosa langu! Tazameni nilichouliza. 'Je, mmepokea basi kutoka kampuni ya barafu?' Nimeuliza jina la mtoaji. Wametafuta jina, hawakuliona, wakajibu hapana. Na wamesema kweli! Lakini basi halijui jina la aliyelileta. Linajua namba yake tu. Sikuuliza basi, nimeuliza jina!"

"Sasa?" Ghassan aliuliza.

"Sasa ingieni garini. Upesi!"

Saa sita kasorobo.

Khutwa iko Wadi Kabir, ng'ambo ya mlima, nyumba ya ghorofa moja yenye ua mkubwa na ukuta waliouchora watoto wenyewe, twiga wote wana miguu mifupi. Katibu, Hind, mwanamke mnene mcheshi mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, aliwapokea kwa kahawa na tende. Alipoona faili la kodi kahawa ikapungua moto.

"Nimeshajibu," alisema. "Nimelitafuta jina la kampuni kwenye kompyuta mara tatu. Halimo."

"Usitafute jina," alisema Kawthar. "Una mabasi mangapi?"

"Matatu."

"Yako wapi?"

"Mawili hayo uani. La tatu limekwenda kurudisha watoto majumbani. Saa saba linakuwa hapa, kama njia haina msongamano."

Mawili ya uani hayakuhitaji kupigiwa magoti. Moja lilikuwa la buluu, na la pili la zamani hata vioo vyake vimeota mvi. Wakangoja. Ghassan alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, simu mkononi. Raymond alikaa kwenye ngazi, hakunywa, hakula. Saa saba ikapita. Saa saba na robo. Polisi wakapiga simu kuuliza kiwanda kiko upande gani wa msikiti. Ghassan akawaelekeza kwa ukamilifu mkubwa, na Raymond akayasikia yote.

Saa saba na dakika ishirini honi ikalia langoni.

Basi jeupe likaingia likiyumba. Ubavuni pakafunguka, lifti ya chuma ikashuka taratibu, vuuu, na juu yake msichana wa miaka kama minane kwenye kiti cha magurudumu, begi mapajani, amenyoosha mkono kama malkia anayetembelea mkoa. Alikuwa amesahau daftari lake, amerudishwa alichukue.

Kawthar hakusubiri lifti iguse chini. Alikwisha kupiga magoti.

"Raymond, soma!"

"Mbili!"

"Mbili."

"Sifuri!"

"Sifuri."

"Tisa!"

"Tisa. Na tatu! Na tatu, Raymond!"

Raymond akalikumbatia basi. Hakukumbatia mtu, alilikumbatia basi, shavu kwenye bati la moto, na msichana akamwambia dereva kwa Kiarabu kwamba huyu mjomba pengine naye ni mwanafunzi mpya.

"Hilo?" Hind alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani. "Mngesema mapema! Hilo si la kampuni. Hilo la Marhuma Masouda."

"La nani?"

Hind akaleta daftari, maana kompyuta yake haikuwa mtu wa kuaminika. Hapo pameandikwa kwa wino wa kijani: Basi moja, jipya. Mtoaji: Marhuma Masouda. Sadaka jaria. Simu: hakuna.

"Maiti ametoa basi?" Raymond aliuliza.

"Mwanangu," Hind alimwambia, "robo ya watoaji wangu walikufa zamani. Watu wanatoa kwa jina la marehemu wao, thawabu ziwafuate kaburini. Mimi naandika ninavyoambiwa. Maiti wa Maskati wakarimu kuliko wazima."

"Na kadi ya gari ina jina la nani?" Kawthar aliuliza.

"Kadi anakaa nayo dereva. Mie naandika watoaji, chuma si kazi yangu."

"Aliyelileta nani?"

"Alipiga simu mwanamke. Akasema basi liko kando ya barabara Bustan, mtu aje na kalamu na dereva. Dereva wetu akamkuta amejifunika, hakutaja jina lake. Ana bakora."

Raymond akageuka. "Boss. Bakora."

Lakini Ghassan alikuwa anatikisa kichwa. "Masouda? Ukoo wetu hauna Masouda, si wazima, si wafu. Huyo ni mtu wako wewe. Mkeo?"

"Mke wangu anaitwa Anjelina, boss, na yuko hai, na akisikia haya utakufa wewe."

"Wenye bakora Bustan wako mia!"

"Kuna mmoja tu wa kumuuliza," alisema Kawthar, "na presha yake tutaikuta hukohuko. Maana sikiliza, Ghassan: mtoaji akiwa si kampuni, fomu yako ni ya uongo, na hapo polisi hawatakuwa na haja na Raymond. Watakuwa na haja na wewe."

Ghassan alifika garini wa kwanza.

Saa nane kasoro dakika kumi mlango wa nyumba ya Bustan ulifunguliwa na Filomena, mwiko mkononi.

"Jamani! Kaka Raymond! Mbona uko na serikali? Umekamatwa?"

"Bado dakika kumi," Raymond alimjibu.

Bi Shaikha, mama yake Ghassan, alikuwa amekaa barazani ndani, sinia la ndimu kavu mbele yake, anazichagua moja moja. Mguu wake wa kulia mwembamba, mfupi kuliko mwenzake, ulikuwa umelazwa juu ya mto. Bakora imeegemea kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weye n'nani?"

"Kawthar, binti Awadh. Wa kodi."

"Ah. Na kodi inataka nini kwa kizee kama mie?"

Swali. Kawthar akatabasamu, akakaa chini kwenye mkeka karibu na sinia.

"Mama, sikuulizi basi. Ukiniuliza na mie kuhusu basi sijui. Nnakuuliza kitu kimoja tu. Masouda n'nani?"

Ndimu ikaanguka nje ya sinia, ikabingirika hadi miguuni pa Filomena.

"Na ukitaka kunijibu kwa swali," Kawthar aliongeza, "basi fanya haraka. Saa nane polisi wanamchukua Raymond. Wanasema kaliiba."

"Polisi?" Bi Shaikha aliishika bakora. "Ghassan! Asubuhi si uliniuliza kama mtu anavyouliza habari za hewa! Hukunambia askari!"

"Mama, nilidhani—"

"Unamfunga mtoto wa watu kwa sadaka yangu? Piga simu! Piga sasa hivi waambie warudi walikotoka, ama nitawaendea mwenyewe na bakora hii!"

Ghassan akapiga simu. Aliomba radhi mara saba, Kawthar alihesabu, na mara ya nane aliiomba akiwa anamtazama Raymond. Raymond aliketi juu ya ngazi ya mlango. Filomena alimletea gilasi ya maji.

"Masouda," Bi Shaikha alisema, "alikuwa mtumishi wa kwetu Unguja. Mie niliugua homa nikiwa na miaka mitano, mguu ukafa. Watoto wenzangu wanakwenda chuoni kusoma Kurani, mie nnakaa kizingitini nnawatazama. Siku moja Masouda akaweka ndoo chini, akanitia mgongoni, akanipeleka. Kesho yake tena. Miaka minne, jua, mvua, kwenda na kurudi, na kazi za nyumba zinamngoja palepale. Hakuna aliyemwambia afanye, na hakuna aliyempa hata kanga kwa hilo. Mgongo wa Masouda ndio uliokuwa basi langu." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kafa hana mtoto. Nani atamtolea? Na huyu mwanangu alikuwa keshaagiza mpiga picha wa gazeti na rangi ya kuandikia jina la barafu ubavuni. Nikasema, hapana. Litakwenda kwa jina lake, na mkono wa kushoto usijue."

"Mkono wa kushoto karibu ufungwe jela, mama," alisema Ghassan, kwa sauti ndogo.

"Nnajua. Raymond, mwanangu, nisamehe."

"Yameisha, Mama," Raymond alisema, akamrudishia Filomena gilasi.

Kawthar akafungua faili juu ya goti. Sasa ilikuwa zamu ya kazi, na kazi ilikuwa tamu. "Mama, katika kiwanda una hisa?"

"Nusu na ushei. Ghassan meneja tu."

"Ulilikabidhi basi kama mshirika wa kampuni. Kampuni ililinunua, mkubwa wake akalikabidhi, Khutwa wanalo, namba inalingana. Jina la Masouda ni nia yako na Mola wako, sheria haiingii hapo. Hind atanipa risiti leo." Akaandika, akapiga mhuri, pa! "Ghassan, mstari wako umesimama. Kodi yenu inapunguzwa kama mlivyoomba."

Ghassan akashusha pumzi ambayo huenda aliivuta tangu Sidab. Raymond akacheka. Filomena akauliza nani anakula, akawa keshaondoka kupakua bila kungoja jibu.

"Inapunguzwa nini?" Bi Shaikha aliuliza.

"Kodi, mama," Ghassan alisema kwa furaha. "Kwa ajili ya lile basi."

Bi Shaikha akamgeukia Kawthar. "Yaani mie nimemtolea Masouda, halafu serikali ikanirudishia kipande?"

"Si kukurudishia, mama. Ni kukupunguzia. Ni haki yenu, kila kampuni—"

"Kipande gani? Magurudumu? Ama ile lifti?"

"Mama," Ghassan alianza, "hayo mambo ya fomu—"

Bakora ikagonga sakafu mara moja. Bi Shaikha akaunyoosha mkono wake, wenye vumbi la ndimu, akaushika mkono wa Kawthar pamoja na mhuri ulio ndani yake. Katika miaka kumi na moja watu walikwisha kumwomba Kawthar asahau, asione, angoje mpaka baada ya Idi.

"Mwanangu," Bi Shaikha alisema, "ufute ule mstari. Nnakuomba sana, nitoze kodi yote."